Hodi Kwenye Mzani

Shimanzi, saa tano usiku, ghala la chai.
Feni moja yazunguka, nyingine imekata tamaa.
Nyevu amenipisha kwenye kiti chake,
mto wa kukalia bado una joto,
na kando ya kibodi pana viazi karai ndani ya gazeti
ambavyo hakunikaribisha.
Ana hasira.

Programu ni yangu. Niliiandika kwa C, mwaka ule wa kiburi.
Inauliza: Uzito? Naye anajibu kwa vidole,
sitini na sita, sitini na sita nukta mbili,
mfuko baada ya mfuko, hadi mzani udanganye;
hapo hubonyeza Kontroli na C, kama nilivyomfundisha,
atoke kwenye safu ile, aanze upya.

Jumatatu ilimfia mikononi.
Mifuko arobaini sakafuni, ishirini na mitatu ndani ya faili,
na faili lenyewe limekatika katikati ya tarakimu
kama neno la mtu aliyepaliwa.
Jumanne nikaitia dawa.
Jumatano haikufa, wala haikusikia.
Alibonyeza mara kumi na moja
(alizihesabu, ameziandika kwenye kalenda ya ukutani)
kisha akang'oa waya.

Kosa ni langu, na nalijua sura:
nilimpa mpokea hodi kazi za nyumba nzima.
Hodi ikipigwa, yeye, palepale kizingitini,
aandike barua, afunge faili, afungue stoo.
Lakini ufunguo wa stoo umo mfukoni mwa yule aliyekatizwa,
na aliyekatizwa anamngoja mpokea hodi amalize.
Wamesimama wawili. Adabu imewaua.

Basi nafuta. Mistari thelathini, unabaki mmoja:
inua bendera.
Bendera ndogo, ya kupanda kwa pigo moja,
niliyoiandikia ubavuni: hii hugeuka wakati wowote,
usiikariri, itazame kila mara.

Na kule kusoma, kulikozama kungoja herufi,
nako kukatike. Kurudi na kosa nambari nne
si kosa. Ni mtu aliyeshtuka usingizini
anauliza, "Kuna nini?"
Mimi ndiye niliyeiruhusu mashine
ijigeuze upande wa pili, ilale tena.
Ruhusa ile nimeifuta.

"Tayari?"
Bado.
Pana upenyo.
Naitazama bendera, iko chini; najilaza kusoma,
na hodi ikipigwa baina ya jicho na mto
bendera inapanda nyuma ya mgongo wangu
nami nimelala, mlangoni mna mtu.
Upenyo mwembamba kuliko unywele,
mara moja katika laki.
Lakini Nyevu hubonyeza kila siku,
na laki hufika.

Nalaza bomba. Ncha zake mbili, zote mikononi mwangu.
Hodi ikija, mpokezi anadondosha baiti moja humo,
kokoto tu, basi, anaondoka.
Nami silali tena juu ya kibodi peke yake:
sikio moja kwenye kibodi, la pili kwenye bomba,
na kokoto iliyodondoka kabla sijafumba macho
bado imo, haikuyeyuka.

Saa nane kasorobo. "Bonyeza," namwambia.
Anabonyeza akiwa amesimama, kwa ncha ya kidole,
kama anayejaribu pasi.
Nimesikia. Mifuko 23 imehifadhiwa. Tuendelee?
Anabonyeza tena. Na tena. Midomo inahesabu.
Kumi na moja zote zinaitikiwa.

Hasemi asante. Anasogeza gazeti upande wangu,
viazi vimepoa, ukwaju umekauka pembeni,
anajirudishia kiti chake, anaketi.
"Na hiki cha kufuta," anasema akitafuna,
"nikikibonyeza, kwa nini kinaniandikia kofia na H?"